Beji ya Shaba na Waliokufa bila Beji

Wahenga walinena: ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Alichokitupa mlaji kwa kuwa hakina utamu tena, mdudu mdogo hukikuta akakifanya karamu. Katika nyanda kavu zilizoko kati ya Voi na Taveta, ganda la muwa la jana ni la shaba. Mchungaji anayefuata mbuzi wake, mkulima anayefyeka konde jipya, na siku hizi mtu aliyeshika kitambuzi cha metali, kile chombo kinacholia kinapopita juu ya metali iliyofukiwa, wote huenda wakaokota maganda ya risasi, vifungo vya koti, bizimu za mikanda na, kwa nadra, beji ya sare ya kijeshi iliyogeuka kijani kwa kulala udongoni zaidi ya miaka mia moja. Swali la kwanza la aliyeiokota huwa ni lile lile: beji hii ni ya kikosi gani?

Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni la lazima lakini ni fupi mno. Beji haijatambuliwa kwa sababu tu imepewa jina la kikosi. Imetambuliwa pale inapojulikana ililala wapi, ilikuwa na nini kando yake, ilivaliwa na nani, na, zaidi ya yote, ni akina nani waliopita mahali pale pale bila kupewa beji yoyote. Aidha, yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya wanafunzi na walimu wa Kiswahili, ingawa wengi wao hawajawahi kuihesabu kuwa kazi yao.

Ifahamike kwanza kwa nini shaba hiyo imetapakaa pale. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, mpaka baina ya milki ya Waingereza na ile ya Wajerumani ulipita karibu na Taveta, kama unavyopita leo mpaka wa Kenya na Tanzania. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliuteka mji huo mdogo. Waingereza nao wakajenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Maktau, ili kuwapelekea askari wao mahitaji katika nchi yenye uhaba wa maji. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, ambao walikuwa wageni kabisa katika mazingira hayo, walitumwa kukishambulia kilima cha Salaita, nao wakarudishwa nyuma kwa hasara. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 na 12 Machi, vilima vya Latema na Reata vilipiganiwa mchana na usiku na Kikosi cha Tatu cha King's African Rifles, Wabaluchi wa jeshi la India, askari wa Rhodesia na wale wa Afrika Kusini. Kamanda wa Kikosi cha Tatu, Luteni Kanali Graham, aliuawa hapo. Basi katika eneo la kilomita chache walikusanyika watu kutoka mabara matatu, kila kundi na sare yake, na kila sare na alama zake. Anayeokota beji mahali kama hapo hawezi kuridhika na kukisia. Inampasa asome.

Naam, kusoma ndilo neno lifaalo. Beji ni matini. Ina herufi zake, sarufi yake na msamiati wake, na mwanafunzi aliyefundishwa elimu ya ishara hatakosa kuona kwamba kila kipengele chake kiliwekwa ili kisomwe na mtu fulani. Hebu kianzwe kwa kile kinachopuuzwa sana, yaani metali yenyewe. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Haili kutu kama chuma. Hupata utando wa kijani au wa kahawia unaoifunika. Beji nyingi za askari wa kawaida wa Uingereza ziligongwa: bamba jembamba liliwekwa baina ya vyuma viwili vya chapa, likabanwa kwa nguvu, picha ikatokeza mbele na kina chake kikabaki nyuma. Kwa hivyo, mgongo wa beji ya namna hiyo huwa na mabonde pale ambapo uso una vilima. Nakala za kuwauzia wakusanyaji aghalabu humiminwa katika kalibu. Mgongo wake huwa bapa, kingo zake huwa butu, na uso wake huwa na vitundu vidogo vidogo vilivyoachwa na hewa. Fauka ya hayo, baadhi ya beji ambazo awali zilitengenezwa kwa metali mbili, nyeupe na ya manjano, zilianza kutolewa kwa shaba peke yake mwaka 1916 ili kuokoa nikeli iliyohitajika vitani. Jambo dogo kama hilo laweza kuipa beji umri wake.

Baada ya metali, taji. Mfalme Edward wa Saba alipotawazwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, alichagua taji ambalo matao yake yamepinda kwenda juu kama kuba. Taji hilo lilidumu katika alama za jeshi la Uingereza hadi enzi ya Malkia Elizabeth wa Pili, ambapo kuanzia miaka ya mwanzo ya 1950 taji lenye matao yaliyobonyea katikati lilishika nafasi yake. Maana yake ni kwamba beji yenye taji lililobonyea, hata ikiokotwa katikati ya mahandaki ya Salaita, haikudondoka mwaka 1916. Huenda ilitoka kwa askari wa miaka ya Hali ya Hatari, au kwa mstaafu aliyerudi kijijini na koti lake kuukuu. Hata hivyo, ni vyema kutahadhari. Tangu mwaka 2022 Mfalme Charles wa Tatu amelirejesha taji la mtindo wa kuba, na kwa sababu hiyo taji la kuba peke yake halithibitishi tena kwamba beji ni ya kale. Kanuni iliyotosha jana haitoshi leo.

Kisha picha. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa picha huonekana kusema kila kitu mara moja. Tarumbeta lenye kamba lilikuwa alama ya King's African Rifles, lakini pia lilikuwa alama ya vikosi kadhaa vya Uingereza vya askari wepesi wa miguu. Hivyo tarumbeta bila herufi wala nambari ni nusu ya sentensi. Guruneti linalowaka moto, lenye waridi ndani yake, huelekeza kwa Royal Fusiliers, ambao kikosi chao cha ishirini na tano kilipigana pande za Maktau mwaka 1915. Waridi lililo chini ya simba na taji huelekeza kwa Loyal North Lancashire, ambao kikosi chao cha pili kilikuja kutoka India kikashiriki katika vita vya Tanga vya Novemba 1914 kabla ya kuhamia upande wa Kenya. Kichwa cha swala aitwaye springbok, kilichozungukwa na kaulimbiu ya umoja kwa Kiingereza na Kiholanzi, ni cha Afrika Kusini. Tai aliyetandaza mbawa ni wa dola ya Kaisari wa Ujerumani. Na herufi tatu tu, K.A.R., zilizokatwa katika shaba ili zivaliwe begani, ni za askari ambao raia waliwaita kwa jina moja fupi: Keya.

Hatimaye, mgongo na mikwaruzo. Beji ya kofia hushikiliwa na vitanzi viwili au kwa ulimi mrefu uliopenyezwa kitambaani. Herufi za begani hushikiliwa na vitanzi na pini. Kitanzi kilichong'oka kwa nguvu na kitanzi kilichokatika taratibu kwa kuchakaa havisimulii kisa kimoja. Vivyo hivyo, uso uliolainika pembe zake ni wa beji iliyosuguliwa asubuhi baada ya asubuhi kwa ajili ya gwaride. Uso mkali, wenye kila mstari wake, ni wa beji iliyopotea ikiwa mpya, pengine pamoja na kijana aliyekuwa mpya vilevile.

Kwa hakika, hapa ndipo anapotokea adui mkubwa wa utambuzi, naye si mwingine ila ndimu na majivu. Mtu aliyeokota kitu cha shaba hutamani king'ae kama sufuria ya harusi. Akisugua kwa nusu saa, huondoa utando, huondoa mabaki ya nyuzi na ngozi yaliyong'ang'ania nyuma, na hulainisha herufi zilizosalia. Anabaki na kitu kizuri kisichosema neno. Adui wa pili ni haraka ya kuondoka nacho. Beji iliyong'olewa mahali pake bila kuandikwa iliokotwa wapi, kwa kina gani na kando ya nini, ni kama neno lililokatwa katika sentensi: kamusi itatoa maana tano, lakini hakuna atakayejua ni ipi iliyokusudiwa.

Umuhimu wa muktadha unadhihirika zaidi ikikumbukwa kwamba beji na mtu hawakuwa kitu kimoja. Askari walibadilishana vitu, waliviteka kutoka kwa adui, waliviuza kwa wanavijiji. Tena watu wenyewe walibadilisha sare. Mwaka 1917 Keya walianzisha kikosi cha sita kilichojumuisha askari waliokuwa wamewatumikia Wajerumani kisha wakatekwa. Mtu mmoja aliweza, katika vita hivyo hivyo, kuvaa tai na kisha kuvaa tarumbeta. Anayesema kwamba alama ya Wajerumani iliyopatikana kilimani ni ushahidi wa Mjerumani aliyekufa kilimani, amesoma picha akamsahau mwanadamu. Hata majina ya mahali yana mtego wa aina hiyo. Wapo wasimulizi wanaodai kwamba Salaita limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mauaji ya halaiki. Dai hilo lina ladha, lakini ladha si ushahidi. Jina likikutwa katika maandishi yaliyotangulia pigano la mwaka 1916, hadithi nzima inaanguka. Beji na jina hupimwa kwa mizani moja.

Hadi hapa hoja imekuwa juu ya vitu vinavyolia kitambuzi kinapopita. Lakini wengi wa waliopita njia ya Voi na Taveta hawakuwa na kitu cha kukiliza chombo hicho. Katika nchi ya mbung'o, ambamo ng'ombe na farasi walikufa kwa wingi, vita vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Upande wa Waingereza peke yake, katika himaya zao zote za eneo hili, wapagazi wanakadiriwa kukaribia milioni moja. Walibeba risasi, unga, maji, mizinga iliyovunjwa vipande na majeruhi. Waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa kuliko risasi. Mavazi yao yalikuwa blanketi. Mzigo wao ulifungwa kwa kamba. Maji yao yalikuwa kibuyuni. Blanketi limeoza, kamba imeoza, kibuyu kimerudi udongoni. Kitambuzi cha metali ni kiziwi kwa vitu hivyo. Kwa hivyo, anayeitafuta historia ya vita hivyo kwa chombo hicho pekee hupata picha iliyopotoka: uwanja uliojaa maofisa na askari, usio na wapagazi hata mmoja.

Upotofu huo haukuishia udongoni. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha mnamo Aprili 2021 ripoti ya kamati yake maalumu kuhusu ubaguzi katika kuwakumbuka waliokufa. Ripoti hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao wakiwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au pengine hawakukumbukwa kabisa. Msomaji na autazame tena upana uliopo baina ya tarakimu hizo mbili. Pengo hilo ni la watu zaidi ya laki mbili ambao hakuna daftari linaloweza kuthibitisha kwamba walikufa. Afisa aliyepoteza beji yake Salaita ana kaburi Taveta au Voi, ana jiwe, ana jina juu ya jiwe, na sasa ana mpenda metali anayekesha akiisaka beji yake katika orodha. Aliyembebea maji hana hata kimoja.

Na dhihaka ya historia ni kwamba vita vilipokwisha, Mwafrika wa Kenya alivishwa metali yake. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa kwa upana baada ya vita, na kila mwanamume mzima akalazimishwa kubeba kipande chenye maelezo yake na ya mwajiri wake, kikiwa ndani ya kijisanduku cha metali kilichoning'inizwa shingoni. Atakayeokota kijisanduku hicho leo ameokota nembo vilevile, tena nembo inayostahili kusomwa sambamba na beji ya begani. Metali ya begani ilisema mvaaji wake ni mwenzetu. Metali ya shingoni ilisema mvaaji wake ni mali yetu. Ni vigumu kuielewa mojawapo bila nyingine.

Ikiwa udongo umenyamaza, ni chombo gani kitakachowasikia waliobeba mizigo? Jibu la makala haya ni lugha, na hasa Kiswahili, kwa kuwa ndicho kilichokuwa lugha ya amri, ya malalamiko na ya utani baina ya watu wa makabila mengi waliosukumwa katika safari moja. Tazama maneno yenyewe. Keya ni herufi za Kiingereza zilizosikiwa kwa sikio la Mwafrika zikageuka jina. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi lililotua katika ramani za miji miwili mikubwa. Maelfu hununua vyondo na mboga humo kila siku bila kukumbuka wapagazi walioliacha jina hilo. Hakuna beji ya shaba yenye ukubwa wa mtaa mzima.

Maneno ya vyeo nayo yana tabaka kama udongo ulivyo na tabaka. Afande, ambalo lingali hai katika kambi na vituo vya polisi, ni la Kituruki, nalo lilifika huku kupitia majeshi ya Misri na Sudan. Ombasha na shaushi, maneno ambayo kijana wa leo atayakuta katika kamusi za zamani tu, yalipita njia hiyo hiyo. Askari wa kwanza wa Wajerumani na wa Waingereza katika eneo hili walijumuisha Wasudani wengi. Juu ya tabaka hilo likaja tabaka la Kiingereza: koplo, sajini, na tepe lenyewe linaloshonwa mkononi kuonyesha cheo. Kama vile taji lililobonyea lisivyoweza kuwa la mwaka 1916, ndivyo simulizi yenye ombasha ndani yake inavyojitaja umri. Nalo neno nembo, linalotumiwa sasa kwa alama ya shirika au taifa, lilimaanisha pia chale zilizochanjwa mwilini ili mtu ajulikane ni wa watu gani. Lugha ilijua kusoma alama za utambulisho kabla shaba ya Ulaya haijafika.

Lipo jambo jingine ambalo wanaisimu wamelishughulikia kuliko wanafasihi, nalo ni Kiswahili cha Keya, kile walichokipa jina la KiKAR. Kilibezwa na waliosema Kiswahili cha pwani, na wasanifishaji hawakukipa nafasi. Lakini kilikuwa lugha ya maelfu ya watu walioamka nacho, wakaimba nacho na wakafa nacho. Mwanafasihi anayekipuuza kwa sababu ngeli zake zimevurugika anafanya lile lile analofanya msugua shaba kwa ndimu na majivu: anang'arisha mpaka anafuta ushahidi. Shaaban Robert aliitungia vita ya mwaka 1939 hadi 1945 utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Ni haki kuuliza ni tasnifu ngapi za vyuo vikuu vya Kenya zimewahi kuwatafuta watunzi, waimbaji na wasimulizi wa Kariokor. Sanamu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 katika barabara ambayo sasa inaitwa Kenyatta Avenue, jijini Nairobi, zinamwonyesha mpagazi kando ya askari, na maandishi yake yana Kiswahili pia. Ahadi iliyoandikwa pale ni ya kukumbukwa kwa jina, ilhali hakuna jina la mpagazi hata mmoja lililoandikwa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu waliogombania ardhi isiyo yao, na kwamba beji ya mkoloni haina haki ya kumshughulisha Mwafrika. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau ni nani alikuwa wengi uwanjani. Kuiacha beji kwa wageni ni kuwaachia pia uwezo wa kuamua vita vile vilikuwa vya nani. Wengine watasema kwamba wapenda vitambuzi ni waharibifu watupu na wapigwe marufuku. Hapa panahitajika uadilifu. Lau si baadhi yao, beji nyingi zingeishia katika mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, zikayeyushwa pamoja na mabomba na betri. Mkusanyaji anayejua taji na tarumbeta ni afadhali kuliko tanuri. Lakini afadhali si sawasawa. Mkusanyaji anayetia beji mfukoni na kuivusha mpaka amekiokoa kitu na kuiua habari yake. Na anayechimbua bila kujua anachokichimbua huenda akagusa kombora lisilolipuka au mifupa ya mtu, na katika hali zote mbili jambo la kufanya ni moja: kuacha, kuweka alama na kutoa taarifa.

Sheria nayo ina ufa. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inataka leseni kwa anayetafuta vitu vya kale ardhini, lakini inafasili kitu cha kale kinachohamishika kuwa kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Beji ya mwaka 1916 imekosa mstari huo kwa miaka ishirini na moja. Sheria hiyo hiyo inazilinda waziwazi milango na miimo iliyonakshiwa kabla ya mwaka 1946, na inampa waziri uwezo wa kutangaza vitu vingine kuwa vitu vilivyolindwa. Ni vyema kwamba mlango wa Lamu umekumbukwa. Ni vyema zaidi ikiwa mabaki ya vita vya mwaka 1914 hadi 1918, beji za waliovaa na vijisanduku vya vipande vya waliovishwa, yatatangazwa vivyo hivyo, kabla ya udongo wa Salaita kubaki mtupu.

Hata hivyo, si kila jambo linamngoja waziri. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinaweza kuandaa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, wa kumwongoza mchungaji, mkulima na mpenda metali: usisugue, piga picha mbele na nyuma kando ya rula, andika mahali, tarehe, kina na vilivyokuwa karibu, wajulishe Makavazi. Kinaweza kuunda istilahi, ili beji ya kofia, herufi za begani, kitanzi, ulimi na chapa ziwe na majina yanayokubalika, na mtaalamu wa Taveta asilazimike kuazima Kiingereza kueleza kilichomo kiganjani mwake. Na kinaweza kuwatuma wanafunzi wake Taveta, Voi, Ukambani, Nyanza na Kariokor kwenyewe, wakawaulize wajukuu na vitukuu wa wapagazi: babu aliitwa nani, alichukuliwa mwaka gani, alirudi au hakurudi, aliimba nini, na ni neno gani la kambini lililobaki kinywani mwa familia. Wajukuu hao ni wazee sasa. Wakiondoka, hakuna chombo kitakacholia juu ya makaburi yao.

Siku mtu atakapoleta chuoni beji ya shaba iliyogeuka kijani na kuuliza ni ya kikosi gani, mhadhiri na mwanafunzi na wamjibu kwa ukamilifu: taji lake ni la enzi fulani, tarumbeta lake ni la Keya, kitanzi chake kiling'oka kwa nguvu. Kisha nao wamuulize swali lao. Aliokota wapi, na je, katika kijiji kilicho karibu na hapo, yupo anayekumbuka jina la mtu aliyepita akiwa na mzigo kichwani?